Kosa Karibu na "Oa Jino"

Jumatatu, 3 Machi

Leo historia imeandikwa, na mwandishi ni mimi. Fomu ya wagonjwa iko hewani! Kuanzia sasa mtu akiumwa jino hana haja ya kuja kupanga foleni kwenye kliniki ya shemeji. Anajaza kwenye simu akiwa kitandani: jina, namba, anakuja kufanyiwa nini. Basi.

Shemeji, mume wa dada yangu, ndiye daktari wa meno. Amenipa mpaka Jumamosi. Siku hiyo anakuja mama mmoja mwenye kliniki tatu kuiona fomu. Akiipenda, naajiriwa moja kwa moja. Asipoipenda, narudi kwa mjomba kuokota mayai. Dada ndiye aliyenisimamia. Alimwambia mumewe kwamba safari hii nimetulia. Nilimsikia nikiwa koridoni. Sitamwangusha.

Kwa faida ya vizazi vijavyo: nimetumia fremuweki ya PHP, yaani mifupa ya tovuti iliyokwisha kutengenezwa, wewe unaongeza nyama. Ina njia yake ya kupeleka maneno ya mgonjwa kwenye hifadhidata. Unayakabidhi tu, yenyewe inajua namna ya kuyafunga. Hiyo ni ya wanaojifunza. Mimi si mtu wa kutafuniwa. Agizo langu nimeliandika kwa mkono: kikoma cha juu cha kufungua, maneno ya mgonjwa, kikoma cha juu cha kufunga. Safi kabisa.

Mgonjwa wa kwanza: kusafisha meno. Imeingia! Nimemwambia mpokezi aanze kuliaga daftari lake. Akasema haya, akaendelea kuandika.

Jumanne, 4 Machi

Wagonjwa tisa. Wote kusafisha. Wa kung'oa hakuna hata wa dawa. Shemeji akauliza wenye meno mabovu wamehamia wapi. Nikamweleza kuwa takwimu zinaonyesha afya ya kinywa imepanda tangu jana. Akaenda kunawa mikono.

Saa tano akaingia mzee mmoja, shavu limemvimba utadhani ameficha limau. Kuketi hakutaka. Alitaka kumwona aliyemtukana. Kumbe alijaza fomu jana na fomu ikamjibu. Ujumbe wa makosa niliutafsiri mwenyewe, ili wananchi waelewe. Akanisogezea simu. Imeandikwa: Kosa karibu na: oa jino.

"Mwanangu," akasema polepole, kwa sababu ya shavu, "mimi nina mke. Na hili jino ndilo nataka kuachana nalo."

Watu waliokuwa wakisubiri wakaangua kicheko, hata wenye maumivu. Mpokezi akamwandika kwenye daftari, akaingia, akang'olewa, akaenda zake. Mimi nilijitia nina simu ya muhimu huko nje.

Jumatano, 5 Machi

Nimefanya uchunguzi. Nadharia ya kwanza: mtandao. Ya pili: simu ya mzee imechakaa. Ya tatu, ambayo ndiyo naiamini: kuna mkono wa mtu. Na mtu mwenyewe anakaa mapokezi.

Asubuhi mtu huyo akanipa somo bila kuombwa. Eti amefuatilia. Leo walioandika kutoa jino wamepita, walioandika kung'oa jino wamegomewa. "Mtaalamu, ni hicho kikoma cha kwenye ng'," akasema, wala hakuinua kichwa. Nikacheka. Nikamfahamisha mbele za watu kwamba kompyuta haijali mambo ya imla.

Kisha nikajifungia stoo, katikati ya maboksi ya glavu, nikajaribu. Kutoa jino: imepita. Kung'oa jino: oa jino. Nikaandika ng'ombe. Kosa karibu na: ombe. Jasho! Mpokezi amepatia. Kompyuta ikifika kwenye kikoma cha ng' inadhani mgonjwa amemaliza kusema, na maneno yaliyobaki yananing'inia nje kama shati lisilochomekwa.

Lakini suala si kosa ni nini. Suala ni nani amelivumbua. Nikaenda moja kwa moja kwa shemeji, nikamtangazia uvumbuzi wangu kwa maneno mazito. Nilipogeuka, mpokezi alikuwa mlangoni na kikombe chake cha chai. Akanipa hongera. Sikuipenda sauti yake.

Alhamisi, 6 Machi

Mtu wa kawaida leo angerudi kwenye njia ya fremuweki. Yaani akiri! Mimi nimekata mzizi wa fitina: fomu sasa inanyofoa kila kikoma kabla ya kuhifadhi. Kung'oa inakuwa kungoa. Nani atakufa?

Kabla ya adhuhuri, watu kumi na mmoja wa kung'oa wamejiandikisha. Kumi na mmoja! Shemeji akaniambia kazi nzuri. Tangu amwoe dada, hii ni mara ya kwanza. Jioni dada alinipakulia mara mbili, akanitazama nikila, uso wake umekunjuka kabisa. Akasema alijua tu.

Nilikula kwa shida kidogo. Ni furaha.

Ijumaa, 7 Machi

Kasoro ndogo. Shemeji alitaka orodha ya wa kung'oa, akatafuta kung'oa kama mtu yeyote mwenye akili. Jibu: sifuri. Bila shaka. Kung'oa haipo tena, nimeifuta mwenyewe. Zipo kungoa, kungolewa, na mmoja ameandika ningolewe haraka.

Dakika tano tu. Nimeweka kitufe kimeandikwa Wa Kung'oa. Ukikibonyeza, kinakuletea kila aliyeandika neno lolote lenye n, g na o zilizofuatana. Wavu ukiwa mpana, samaki hana ujanja.

Mpokezi akauliza, na mtu akiandika mgongo je? Nikamuuliza nani anakuja kwa daktari wa meno kushitaki mgongo wake. Akarudi kwenye daftari lake. Kisha nikampa shemeji maelekezo ya kesho, mgeni atakapokuwepo: asimsumbue mgonjwa kwa maswali, fomu imeshauliza. Ndivyo mfumo wa kisasa unavyoonekana. Shemeji akakubali. Nimepiga pasi shati.

Jumamosi, 8 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Mama wa kliniki tatu alifika saa tatu, miwani ya fremu ya dhahabu, mkoba mkubwa, maneno machache. Akasema hataki kuonyeshwa. Amekwisha kuijaribu fomu mwenyewe tangu jana, kama mgonjwa, na amekuja kuona kama itamtambua. Nikatoka kifua mbele. Shemeji akabonyeza kitufe. Akamkuta! Jina lake lilikuwa la nne kwenye orodha. Nilitamani dada awepo.

Mama akalala kwenye kiti, akafungua kinywa. Shemeji hakuuliza kitu. Aliona gego moja la juu lililozibwa zamani, akaona ndilo hilo. Akamchoma ganzi. Mama baadaye alieleza, kwa kuandika, kwamba ganzi ya kusafisha meno ilimshangaza, lakini alidhani ni heshima ya mgeni.

Shemeji alikwisha kushika koleo mpokezi alipoingia na daftari lake. Yeye kila asubuhi huwapigia simu wagonjwa wote kuhakikisha wanakuja na kwa shida gani. Ni ushamba wake wa siku zote. "Daktari," akasema, "huyu mama ni wa kusafisha."

Tukafungua fomu yake. Ameandika hivi: Kusafisha meno. Sina muda wa kungoja.

Kungoja. Ku, ngo, ja. Loo!

Mama akaondoka na nusu ya uso imelala. Mlangoni alisimama akanieleza jambo refu. Kwa sababu ya ganzi sikuambulia hata neno moja, nikamshukuru.

Mchana dada aliitwa. Shemeji hakusema na mimi, alisema na yeye. "Uliniambia ametulia." Dada akainamisha kichwa, akaanza kukunja ukingo wa kanga yake, anaukunja na kuukunjua. Hilo ndilo lililoniuma. Mimi nimezoea kufokewa. Yeye hajazoea kuaibika kwa ajili yangu, pamoja na kwamba nimempa mazoezi mengi.

Bado akaniombea. Mwisho shemeji akakubali: nimwombe radhi yule mama kwa maandishi. Akisamehe kabla ya Jumatatu jioni, nabaki. Asiposamehe, mayai. Wakati huo mpokezi alikuwa amekalia kiti changu, anasoma mwongozo wa fremuweki. Akayakabidhi maneno kwa njia yao ile ya wanaojifunza. Dakika arobaini. Kung'oa sasa inapita na kikoma chake, na orodha inasoma sawasawa. Nimesema ni bahati.

Jumapili, 9 Machi

Siku nzima nimeandika barua ya radhi. Nimechana nane. Ya tisa ni nzuri mno, inaanza hivi: Mheshimiwa, kwa majonzi makubwa tunakujulisha kwamba tulikaribia kukung'oa jino lako zima, na kwamba huenda hukufahamu. Nimemsomea dada. Akasema labda niifupishe. Nimeongeza aya.

Jumatatu, 10 Machi

Barua imekwenda kwa simu saa tatu kamili. Namba ya mama angenisomea mpokezi kutoka kwenye daftari. Kwani mimi ombaomba? Neno la siri la mfumo bado ninalo. Nimeandika agizo langu mwenyewe, kwa mkono: mtumie aliyeandika kusafisha au kungoja. Nimeweka "au" makusudi. Akikwepa la kwanza, la pili litamnasa.

Kompyuta ikajibu: barua arobaini na moja zimetumwa. Arobaini na moja! Mama mmoja, barua arobaini na moja. Moyo gani huo usiolainika? Nikampigia dada nikamwambia alale usingizi, nimeshabaki. Akashusha pumzi ndefu, akanipa hongera kwa sauti ya kulialia. Nikajisikia mtu mzima.

Simu ya mapokezi haijanyamaza tangu saa tatu na dakika mbili. Nimechungulia dirishani. Foleni imefika barabarani, kila mtu ameshika shavu, wanataka kumwona shemeji awaambie ni jino gani alikaribia kuling'oa. Sijui leo watu wamepatwa na nini. Nimemwambia mpokezi awaelekeze wajaze fomu.