Bampa Jeusi Siku ya Posa

Jamani, leo nimepatikana. Na nimepatikana mbele ya wakwe.

Nawaandikia ninyi madereva wenzangu mlio hapo Tabora, maana najua habari itawafikia tu, na heri iwafikie kutoka kwangu kabla haijatiwa chumvi. Atakayewasomea wenzake kwa sauti asiongeze lake. Yaliyopo yanatosha.

Mnajua kuwa siku hizi naendesha motokaa ya Mzee Sudi, mfanyabiashara wa mchele hapa Kahama. Magunia yake ya kwenda machimboni Geita yanapanda lori. Hii motokaa ni ya matembezi. Ni nyeusi, lakini kila kilichochomoza mwilini mwake ni chuma cheupe kinachong'aa: bampa, taa, fremu ya rejeta, vishikio vya milango, vifuniko vya magurudumu. Unaweza kunyolea ndevu mbele yake. Mzee Sudi anaisugua ile kromu kwa mkono wake mwenyewe, na leso yake mwenyewe.

Mnajua pia (nimewachosha kwa habari hii) kuwa nampenda Kabula, binti wa Mzee Luhende, mfugaji wa njia ya Kagongwa. Leo ndiyo ilikuwa siku ya posa. Mshenga wangu ni huyo huyo Mzee Sudi.

Msichokijua ni kwamba naogopa ng'ombe.

Sisemi siwapendi. Nawaogopa! Nimezaliwa mjini, na ng'ombe niliyemzoea ni yule aliyekwisha kuingia sufuriani. Sasa, mwezi uliopita nilipita kwa Mzee Luhende kumsalimu Kabula (nilisema nimepotea njia). Pale kwao kuna dume moja jeusi, kubwa, wanaliita Nzagamba. Kwa Kisukuma maana yake ni dume, basi. Halikuhitaji jina jingine. Dume lile likaja mbele ya motokaa, likajiona kwenye bampa, likadhani amekuja mwenzake kumnyang'anya wake zake. Likarudi nyuma kidogo, likainamisha kichwa. Lo! Motokaa ilitikisika, na mimi niliyekuwa ndani nikatikisika zaidi. Mzee Sudi nilimwambia nimegonga kisiki.

Tangu siku ile nikifumba macho naona pembe. Kwa hiyo leo asubuhi, badala ya kufikiria maneno ya posa, nilikuwa nafikiria bampa. Nikasema moyoni: dume likikosa kujiona, halitapigana. Chuma cheupe kikiwa cheusi, mimi nitaoa. Akili ndogo, lakini ndiyo niliyokuwa nayo.

Nilikwenda dukani kutafuta rangi nyeusi. Hakuna. Ilikuwapo ya kijani tu, ya milango. Nikanunua kaniki, nikalifunga bampa lote, na taa, na fremu ya rejeta, nikakaza mafundo vizuri. Mzee Sudi akatoka amevaa kanzu na koti lake zuri, akasimama.

"Hamisi, tunakwenda posa au matangani?"

"Ni vumbi, mzee. Nazuia vumbi."

"Fungua."

Nikafungua. Nikajaribu masizi ya chungu nyuma ya nyumba alipoingia kuchukua bakora. Masizi yalishika mikono yangu, yakashika uso wangu, kitu pekee ambacho hayakukishika ni chuma. Nikanawa. Tukaondoka na bampa likiwaka jua zima.

Njiani Mzee Sudi alinifundisha adabu za ukweni. Sikusikia hata neno moja. Kila kichaka nilikiona kina masikio. Tulipokaribia kwa Mzee Luhende, tukashuka bondeni, kwenye ile mbuga ya udongo mweusi. Na mnaujua udongo wa mbuga. Ukikushika kiatuni unakwenda nao mpaka kwenu. Hapo ndipo nilipopata wazo (laiti ningelikosa).

"Mzee, rejeta inachemka. Tupumzike kidogo."

"Vyema, na alasiri imeingia," akasema. Akatandika mkeka wake kivulini, akaanza kuswali.

Mimi mbio mpaka bondeni! Palikuwa na mahali ardhi imechimbika, imekuwa laini, pembeni maji kidogo, nyayo za ng'ombe zimejaa kila upande. Nikadhani wanakuja kunywa. Nikakanda matope meusi, tii, mazito, nikaanza kupaka. Bampa, likafa. Taa, nikaacha vioo tu. Fremu, vishikio, vifuniko vya magurudumu, vyote. Tone moja likanirukia mdomoni. Lilikuwa na ladha ya chumvi. Nikadhani ni jasho langu, maana kwa woga ule nilikuwa nalitoa kwa wingi. Jua likayakausha matope yakashika kama yamezaliwa pale. Mikono nikaifuta wapi? Kwenye kanzu yangu mpya, kwa nyuma, pasipoonekana.

Mzee Sudi akamaliza sala, akaja, akaitazama motokaa yake kwa muda mrefu.

"Hamisi."

"Mng'ao ulikuwa unaniumiza macho, mzee. Yatatoka kwa maji."

"Yasipotoka kwa maji, utayatoa kwa ulimi," akasema. Akapanda.

(Jamani, mdomo wa mtu mzima!)

Tulifika salama. Nikaegesha karibu na ua wa minyaa, mbali kabisa na zizi. Zizi lilikuwa tupu, mifugo iko malishoni. Nikashukuru Mungu. Mzee Luhende akatoka na fimbo yake mkononi, mtu mrefu, mkimya, macho madogo yanayokupima. Nikampa shikamoo mpaka magoti yakagusa chini.

"Marahaba. Kalibuni, kalibuni."

Tukapewa vigoda. Mama Kabula akaketi pembeni na shangazi za binti, wamejitanda. Kabula mwenyewe alikuwa mlangoni, nusu ndani nusu nje, na ile nusu ya nje ilinitosha kunisahaulisha dume kwa kitambo. Mzee Sudi akafungua maneno kwa ufundi. Akanisifu mpaka nikawa namtafuta huyo anayesifiwa. Mzee Luhende akasikiliza, kisha akanigeukia mimi.

"Binti yangu amekulia mgongoni kwa ng'ombe. Siwezi kumpa mtu asiyejua ng'ombe. Wewe unawaweza?"

Hapo ilikuwa nafasi ya kusema kweli. Nilimtazama Kabula. Nikasema:

"Mzee, mimi sijaona chenye miguu minne kikanitisha."

Sijamaliza kufumba mdomo, nikasikia kengele. Mifugo inarudi.

Walikuja na vumbi lao, wengi. Nikashika kigoda kwa mikono miwili. Nikajiambia: Hamisi, tulia, hakuna kinachong'aa, watapita waende zizini. Wakafika usawa wa motokaa. Ng'ombe mmoja mwekundu akasimama, akanusa. Akatoa ulimi, mrefu huo, akaramba taa.

Akaramba tena. Akaita wenzake, au sijui aliwaambiaje, maana kundi zima liligeuka! Wakaizunguka motokaa, wanasukumana, wanaramba bampa, wanaramba milango, ndama wamepiga magoti wanaramba magurudumu. Mzee Sudi alisimama akakaa, akasimama akakaa. Mimi sikuelewa. Mzee Luhende ndiye aliyeelewa, na uso wake wote ukafunguka.

"Ametoa udongo wa kule bondeni! Wanakolambia chumvi!" Akanishika bega. "Watu wote wa mjini wanaokuja hapa wanaleta kahawa na sukari kwa ajili yetu. Huyu peke yake amewakumbuka ng'ombe! Wabeja, kijana, asante sana!"

Shangazi mmoja akapiga kigelegele. Jamani, ningefanya nini?

"Si kitu, mzee," nikasema. "Sisi wapenda ng'ombe ndivyo tulivyo."

(Mzee Sudi alinitazama. Sitausahau ule mtazamo.)

Posa ilikuwa yangu. Niliiona ikija. Lakini niliona na kitu kingine: kila ulimi ulipopita, chuma cheupe kilikuwa kinachungulia. Bampa linazaliwa upya. Nikatazama nyuma ya kundi. Likaja taratibu, la mwisho, peke yake, jeusi, nundu kama gunia. Nzagamba.

"Wakubwa wanawabana wadogo," akasema Mzee Luhende, amefurahi. "Hebu nenda wewe mwenye chumvi yako, watenganishe, Nzagamba naye apate."

Nilitafuta kisingizio. Lakini Kabula alikuwa ametoka mlangoni mzima mzima anatazama, nikainuka. Nikatembea kama mtu anayepelekwa kunyongwa. Nikafika, nikasema kwa sauti ndogo, "Samahanini." Hakuna aliyesogea. Nikamgusa mmoja kwa kidole. Na hapo, wenzangu, nikasikia kitu cha moto, chenye unyevu, kinanikwaruza mgongoni.

Nilikuwa nimesahau. Matope niliyofutia kanzu!

Nikageuka. Ni yule mwekundu, amekula kanzu yangu, ameishika kwa meno, anatafuna na macho amefumba. Nikavuta. Akavuta. Nyuma yake Nzagamba akainua kichwa, akanitazama mimi. Mimi, si bampa! Nikapiga kelele ambayo sikujua ninayo. Kitambaa kikasema chwaaa. Miguu, niponye! Nikapanda bampa, nikapanda boneti, nikapanda juu ya paa la motokaa, nikalala kifudifudi nimeshikilia pembeni kwa kucha.

Na Nzagamba akafika mbele, akakuta bampa limerambwa likatakata. Akajiona.

Paa! Motokaa ikaruka, nami nikaruka nayo. Paa! Nikamwita mama yangu. Nikawaita na marehemu wote wa ukoo wetu, mmoja mmoja, kwa majina. Na katikati ya kuwaita, jamani, ulimi ukaniponyoka:

"Sikuleta chumvi! Nilipaka matope ili asijione! Naogopa ng'ombe! Nawaogopa tangu nizaliwe, nitoeni!"

Shangazi wa kigelegele akafunga mdomo. Nikainua uso kidogo, nikaona Mama Kabula amejifunika macho anakimbilia ndani. Ndipo upepo ukapita nikaelewa kwa nini. Nyuma ya kanzu yangu hakukuwa na kanzu. Ile sehemu yote, toka mabegani mpaka chini, ilikuwa kinywani mwa yule mwekundu. Nimebaki na bukta, na yenyewe si mpya. Mbele ya mkwe!

Basi nikamwona Kabula anakuja, hana haraka. Akapita katikati ya kundi kama mtu anayepita kwenye mlango wa kwao. Akamshika Nzagamba sikio, akampiga kofi la shingo. "Wewe! Huoni haya? Nenda." Na lile dume, lililonikosesha usingizi mwezi mzima, likainamisha kichwa likaenda zizini. Wengine wakalifuata.

"Shuka," akaniambia.

"Siwezi."

"Wameingia wote."

"Funga kwanza zizi."

Akaenda akafunga! Nikashuka kinyumenyume, kisha nikakumbuka hali ya nyuma, nikageuka, nikashuka kimbelembele, nikaanguka. Mzee Sudi akanivika koti lake, huku anatazama bampa lake. Lilikuwa safi ajabu, na limekunjika katikati.

Mzee Luhende alikuwa bado amesimama palepale. Uso umefunga tena.

"Kwa hiyo unaogopa ng'ombe."

"Ndiyo, mzee."

"Sana?"

"Sana, mzee. Hata sasa."

Nilijua yamekwisha. Nilitaka kulia, na sioni aibu kuwaambia. Si kwa ajili ya kanzu wala dume. Ni kwa sababu Kabula alikuwa amesimama pale, na nilimwona kwa mara ya mwisho, nilivyodhani. Mzee akamgeukia binti yake.

"Umesikia mwenyewe. Unasemaje?"

Kabula alijaribu kujikaza. Alishindwa. Alicheka mpaka akashika mti wa ua, na mama mtu naye akasikika kule ndani anacheka peke yake. Alipopata pumzi akasema:

"Baba, wote waliokuja kabla yake walijidai hawaogopi kitu, sijui woga wao wanaufichaga wapi. Wa huyu nimeuona wote, mpaka mgongoni. Mimi nimemkubali."

Mzee Luhende alinipima tena kwa yale macho yake madogo. Kisha akacheka naye, cheko fupi la puani, akanipa mkono.

Basi posa imekubaliwa! Furahini nami. Ila mzee ametoa sharti moja. Mahari ni ng'ombe, na anataka mkwewe awaswage mwenyewe kwa miguu, toka Kahama mpaka zizini kwake. Na mmoja wao awe dume.

Msicheke. Nahitaji mtu wa kunisaidia kuwaswaga, na atakayecheka kwanza ndiye atakayeshika kamba ya dume.