Nirudishiwe Kikohozi Changu

Kwa Ndugu Wakili wa watu waliodhurika na dawa,

Mimi ni mzee wa miaka themanini na moja, na barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, hakuna aliyenishikia kalamu. Nimemzika mama mkwe wangu, ambaye alikuwa ameapa kunizika yeye. Nimewazika makandarasi wanne walionipa kazi na mmoja aliyenifukuza. Nimeyapita mafuriko mawili, nimeua redio tano kwa kuzisikiliza, na meno yangu yote yametangulia isipokuwa mawili, nayo hayasemezani kwa kuwa moja liko juu kulia na jingine chini kushoto. Yote hayo yalinikuta na yakaniacha nimesimama. Kidonge cheupe, kisichofika ukubwa wa kifungo cha shati, ndicho kilichoniweza.

Kazi yangu ilikuwa uashi. Watu huniita Fundi Timazi, kwa sababu kamba ya timazi ukiiweka kwenye ukuta wangu haina la kusema. Nyumba ninayokaa niliijenga mwenyewe, na mpaka leo ukiweka gololi sakafuni haiendi popote, inakungoja. Nakueleza haya ili ujue unamtetea nani.

Nilisikia redioni, pale kwa kinyozi, kwamba ofisi yako inawasaidia watu walioandikiwa dawa na daktari ikawadhuru. Nikasema huyu ndiye mtu wangu.

Ilikuwa hivi. Nilikwenda hospitali kwa ajili ya goti. Daktari, kijana mwenye miwani, alilibonyeza, akaandika vidonge, kimoja asubuhi na kimoja jioni, nile kwanza. Akaongeza maneno mengi kuhusu tumbaku, ambayo sikuyabeba, maana mimi nilikwenda na goti. Halafu akamwita mke wangu kando ya mlango wakanong'ona, nadhani alikuwa anamsifia afya yangu. Goti lenyewe sina ugomvi nalo. Lilipona, tena kwa haraka isiyo na adabu. Lakini kabla boksi la vidonge halijafika nusu, kikohozi changu kilikuwa kimekwisha.

Usikidhanie, Ndugu Wakili, kuwa ni vile vikohozi vya watoto. Changu kilianzia chini ya kitovu, kikapanda taratibu kama kibarua anayepanda ngazi na ndoo ya zege, kikifika kifuani kinapumzika, kisha kinatoka. Kilisikika mpaka kwenye kona ya fundi viatu. Kwa miaka yote hiyo sijawahi kupiga hodi mahali popote. Nikiwa bado njiani nakohoa, na watu wanajipanga: anayelala anaamka, anayenisema anabadilisha habari, chai inawekwa jikoni. Sasa sikiliza nilichofanyiwa.

1. Sikuonywa. Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi imekunjwa mara nyingi kama shati la sikukuu, na mjukuu wangu, ambaye yuko sekondari, alinisomea yote. Iliahidi kizunguzungu, kichefuchefu, kinywa kukauka na usingizi wa mchana. Nilijiandaa. Nilikaa kwenye kiti chenye mikono kukingoja kizunguzungu, hakikuja. Kichefuchefu hakikuja. Usingizi wa mchana ulikuja, lakini huo tunafahamiana tangu zamani, siwezi kuwasingizia. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba dawa itaondoka na kikohozi cha mtu. Yaani walichoahidi hawakuleta, na walichochukua hawakuandika.

2. Dawa hii inapoteza vitu. Siku ileile niliyoanza kumeza, kiko changu cha kuvutia tumbaku kilitoweka kwenye kidirisha cha chooni, mahali ambapo kimekaa salama tangu nilipopaua. Nilimuuliza mke wangu, akasema labda ni dawa. Nikaona kweli, maana hakuna kitu kingine kilichobadilika humu ndani. Nakuomba uwaulize wenye kiwanda vidonge vyao vinafanyaje jambo hilo.

3. Nimegeuzwa mwizi nyumbani kwangu. Goti limepona, kwa hiyo fimbo niliyokuwa nikigonga nayo sakafu nimeiacha nyuma ya mlango. Kikohozi hakuna. Naingia kama moshi. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, ni fundi cherehani na anashonea sebuleni. Nilimkuta amevaa kofia yangu, ameshika rula yake ya kupimia nguo kama fimbo, anawaonyesha wanawe jinsi babu anavyokataa kusaidiwa kuvuka barabara. Watoto walikuwa wamelala chini kwa kucheka. Alivyonigeukia, pini alizoshika mdomoni zilimwagika zote, nasi tukaziokota kwa heshima kubwa bila kutazamana. Na lazima niseme ukweli mbele ya sheria: aliigiza vizuri. Kofia inampendeza.

Utaniuliza mbona nisikohoe kwa makusudi. Nilijaribu. Mkwe alikuja mbio na kikombe cha maji, akanipiga mgongoni akiuliza mwiba wa samaki umekwama wapi. Kikohozi cha kuigiza hakina mizizi.

4. Jina langu limeharibiwa kwa kinyozi. Pale ndipo tunapocheza drafti wazee, na kila mtu anajua habari ya siku niliyopanda ghorofa ya tatu na mfuko wa saruji kwa mkono mmoja. Niliingia kimya, nikamkuta kinyozi anaisimulia kwa sauti yangu, mkasi mkononi, na alipofika ghorofa ya tatu akasema mfuko ulikuwa mtupu. Hata mteja mwenye povu kidevuni alicheka. Mfuko haukuwa mtupu, Ndugu Wakili. Ulikuwa umebaki robo, na robo ya saruji si pamba. Kabla ya vidonge hivi habari hiyo ilikuwa kamili, haina aliyeigusa.

5. Hili ndilo kubwa, naomba ukae. Niliingia jikoni. Mke wangu alikuwa anachambua mchele na jirani yetu muuza mitumba, migongo yao kwangu. Nikasikia ananitaja. Nikajiandaa kwa matusi, hayo nayamudu. Akasema: "Mbishi yule, shoga yangu, kama mlango wa mbao uliolowa mvua, huufungi wala huufungui. Lakini nikizaliwa tena nitamtafuta huyohuyo."

Hamsini na mbili, Ndugu Wakili. Miaka hamsini na miwili ya ndoa mwanamke huyu hajanipa neno kama hilo. Neno la juu kabisa nililowahi kupata kwake lilikuwa "leo hujaharibu". Nilirudi nyuma hatua moja, nikaliangusha sinia lililokuwa pembeni, akageuka, akaniona, na mchele uliomwagika ukawa wetu sote kuuokota.

Je, mtu aliyepewa neno kama hilo anakaa nalo? Nililipeleka kwa kinyozi. Nililipeleka bombani, penye foleni ya ndoo, nikalirudia kwa waliochelewa. Nilimpigia simu shemeji yangu, kaka yake, nikamwambia ajue dada yake ana mpango gani akizaliwa tena. Kufika jioni, fundi viatu alikuwa anamsalimia mke wangu kwa jina la Nikizaliwa Tena.

Mke wangu alifunga kikapu chake. Akaniambia neno lile alikuwa analitunza na mimi nimelitangaza kama habari ya maji kukatika. Akasema mtu asiyesikika akija si mume, ni paka. "Piga hodi kama watu wengine." Nikamjibu kwamba siwezi kupiga hodi kwenye mlango niliouweka mwenyewe, bawaba nilizichagua mimi. Akasema sawa, basi yeye anakwenda kwa kaka yake, na hatarudi mpaka anisikie kabla ya kuniona.

Hivyo ndivyo kiwanda cha dawa kilivyovunja nyumba yangu.

Madai yangu sasa. Fedha sitaki. Nataka kikohozi changu kilekile, kisiwe cha mtu mwingine, kiwe na uzito wake na pumziko lake la katikati. Wakisema hawanacho ghalani, basi mwenye kiwanda aje mwenyewe anikoholee. Nitampa chumba cha nyuma, nilikokuwa naweka saruji, hakivuji hata tone. Kazi yake itakuwa kunitangulia kidogo na kukohoa penye kila mlango: sebuleni, kwa kinyozi na jikoni, na jikoni akohoe mara mbili. Akiwa na shughuli anaweza kumtuma mhasibu wake, ila awe mtu wa kifua. Jumapili atapumzika, siku hiyo mimi sitoki.

Ila kabla ya hayo yote kuna la haraka. Mimi na huyo mkohoaji tufuatane mpaka kwa shemeji, tusimame chini ya dirisha, akohoe mara moja tu, vizuri, ili mke wangu ajue nimekuja. Hilo likifanikiwa mengine yanaweza kungoja. Upande wetu wa nyumba umenyamaza, Ndugu Wakili. Chai ninayojipikia ina ladha ya sufuria. Naingia jikoni kimya kimya kama nilivyozoea sasa, na hakuna wa kushtuka.

Hakimu akitaka ushahidi, mwambie anyamaze kidogo anisikilize. Hatasikia kitu. Ushahidi wenyewe ndio huo.

Nisalimie hakimu, makarani wake, na yule anayefungua mlango wa mahakama, mwambie tutaonana. Wasalimie wote wa nyumbani kwako, wenye magoti mazima na wenye mabovu, na wewe ukirudi jioni ukohoe ungali mbali.

Ni mimi, niliyepo bila kusikika,

Fundi Timazi

Nyongeza. Bahasha nilikuwa nimeshailamba ikabidi niifungue tena, ndiyo maana imekaa vibaya. Nilimtuma mjukuu stempu, kumbe alimpigia bibi yake simu, akamwambia babu anakwenda mahakamani na bibi ndiye lalamiko namba tano. Mke wangu amefika na kikapu chake. Ameisoma barua yote kwa kusimama, na namba tano ameisoma mara mbili. Halafu ametoa kiko changu, kimevikwa soksi yangu iliyokuwa imepotea, akakiweka juu ya karatasi hii, doa unaloliona hapo juu ni la kiko.

Anasema ni yeye aliyekichukua. Daktari alimwambia pale kando ya mlango kwamba kile kikohozi ni cha tumbaku, na nisipoiacha atakuja kunikosa mimi pamoja na kikohozi. Vidonge havina kosa lolote ila kuponya goti. Nimemuuliza kwa nini hakunieleza, akasema ningebisha. Nikabisha. Akasema: "Kiko hicho hapo, mume wangu. Kichukue, kikohozi kitarudi na mimi nitarudi kwa kaka yangu. Au toka nje upige hodi."

Nimefikiri kwa muda unaomfaa mtu mwenye heshima zake. Kwa hiyo kesi nimeifuta, mwenye kiwanda asifungashe mizigo, na kiko nimempa mjukuu akakitupe mbali na macho yangu. Nimetoka, nimeufunga mlango niliouweka mwenyewe, nimeugonga, nimepiga hodi, na ilitoka vizuri, nadhani hakuna mtu mtaani anayepiga hodi kama mimi. Ukitilia shaka, muulize mkwe wangu na watoto waliojazana dirishani, au muulize mke wangu mwenyewe, anayeapa kwamba hodi mbili za kwanza hakuzisikia, na ndipo kwa ya tatu akasema karibu.