Kompyuta ya Dokta Kajetani

Kajetani Mapunda aliiona riziki yake mpya kwenye mnada. Mradi mmoja wa wafadhili ulikuwa unafungwa mjini Songea, na vitu vyake vilikuwa vinauzwa uani: viti vya kuzunguka, makabati, baiskeli zisizo na minyororo. Watu waligombea viti. Kompyuta ilikaa mezani peke yake, imewashwa ili wanunuzi waone kuwa ni nzima, na kwa kuwa hakuna aliyeigusa, kioo chake kilianza kujichorea mabomba ya rangi. Jekundu lilipanda, la bluu likakata kona, la kijani likapenya katikati yao. Mama mmoja aliyefuata sufuria alisimama mbele yake akashika kifua.

"Jamani," alisema, "si kama mishipa ya mtu?"

Kajetani, ambaye mpaka asubuhi ile alikuwa dalali wa viwanja visivyo vyake, alimtazama yule mama, akaitazama kompyuta, akahisi kile ambacho watu wa kanisa hukiita wito. Hakuna aliyeshindana naye bei. Wengi walidhani ni televisheni isiyoshika stesheni.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipowaachia watu wafungue walichoweza kufungua: mabasi, shule, maduka ya dawa. Kumuuliza mtu amesomea wapi ilikuwa utovu wa adabu. Uliuliza amepanga wapi. Kajetani alipanga chumba Msamala, akaziba dirisha kwa pazia zito ili kioo kionekane vizuri, akatundika kibao: KITUO CHA UCHUNGUZI WA MARADHI KWA KOMPYUTA. Koti jeupe alilipata mitumbani. Mfukoni lilikuwa na maneno ya Kijerumani yaliyodariziwa kwa uzi mwekundu. Padri mmoja alikuja kusema baadaye kwamba yalikuwa jina la bucha.

Uchunguzi ulikwenda hivi. Mgonjwa alikaa, akalaza kiganja juu ya kile kidude chenye mkia kiitwacho mausi, akaambiwa asipumue kwa fujo. Mausi yenyewe ilikuwa imechomolewa nyuma ya meza, maana Kajetani aligundua mapema kwamba ikisogezwa, mabomba hukimbia na kuacha maandishi asiyoyaelewa. Mabomba yalijichora. Jekundu likizidi, ni damu. La bluu likizidi, ni upepo. La kijani ni nyongo. Tiba ya yote matatu ilikuwa unga wa tangawizi kavu, uliofungwa kwenye bahasha za ule mradi.

Katika kazi yake alikuwa na msimamo mmoja tu: hakumwambia mtu yeyote kwamba hali yake ni mbaya. Wagonjwa wa namna hiyo hawarudi.

Siku moja aliingia Emerensiana, muuza mitumba, mwanamke mwembamba mwenye pumu tangu utotoni. Ndiye aliyemuuzia lile koti.

"Dada," alisema Kajetani akikunja uso mbele ya kioo, "upepo wako umekwama kwenye kona."

"Kona ipi?"

"Hii hapa. Ya bluu. Unaiona?"

"Naiona. Na unatokaje?"

"Kwa unga."

Emerensiana aliondoa kiganja chake juu ya mausi taratibu, akakilaza mapajani. Mabomba yaliendelea kujichora vilevile, tena kwa furaha. Alimtazama Kajetani. Kajetani alikuwa bado anaifuata kona yake kwa kidole.

Kesho yake alirudi na belo zima la mitumba, akalifungulia barazani pa kituo, kwa sababu katika maisha yake yote ya biashara hakuwahi kuona foleni ya watu waliotulia namna ile.

Vumbi la belo lilimbana kifua mara kwa mara. Pumu ikimbana, alitoa chupa tupu ya plastiki, ya maji ya kununua, iliyotobolewa kitako kwa msumari wa moto. Kwenye tundu alichomeka pampu yake ya pumu, mdomo wa chupa akautia kinywani, akabonyeza, akavuta pumzi polepole. Watu walimuuliza.

"Hospitali walinipa pampu," aliwaeleza, "lakini mimi nikibonyeza, dawa inaishia ulimini. Sina pumzi ya kuiwahi. Nikajaribu kikombe, nikajaribu karatasi. Chupa ndiyo iliyokubali. Dawa inakaa humo ndani inanisubiri."

Wenye pumu kwenye foleni walienda kutafuta chupa zao. Wenye magonjwa mengine nao wakaanza kuulizana: nani anakohoa, nani anakojoa sana, nani alipona na alienda wapi. Kwa jinsi mambo yalivyokuwa, barazani watu walitibiwa kuliko ndani. Kajetani hakujali. Aliona foleni inarefuka, akajisifu.

Kisha ikaja habari ya Bibi Theodosia. Mama huyu mtu mzima alikuwa anakohoa kwa muda mrefu, na kila wiki alitoka kwa Kajetani na bahasha ya tangawizi. Asubuhi moja alikohoa barazani, akafuta mdomo kwa kanga, akaikunja haraka. Emerensiana aliona damu.

"Bibi, shikamoo. Dokta anajua hii?"

"Marahaba, mwanangu. Anajua. Kompyuta imesema ni rangi nyekundu tu, imezidi kidogo."

Emerensiana alifunga belo lake mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata kwa msiba, akampakia Bibi Theodosia kwenye baiskeli ya kukodi mpaka hospitali. Ilikuwa kifua kikuu. Nesi Noela, aliyempokea, alisema wangechelewa kidogo tu wangezungumza mengine. Alisema pia, huku akipekua rundo la kadi zilizochakaa, kwamba wagonjwa wa kifua wanapotea katikati ya dawa na hakuna wa kuwakumbuka, na kwamba wameomba kompyuta mpaka wamechoka kuomba.

Emerensiana alirudi nyumbani kwa miguu. Alikuwa na hasira, na alikuwa anafikiri. Vitu hivyo viwili vikikutana kwa mfanyabiashara wa sokoni, ni heri usiwe mteja wake.

Nafasi ilijileta yenyewe. Mzee Nassoro, mnunuzi wa korosho kutoka Tunduru, alifika na mkewe Subira baada ya safari ya lori na vumbi lote la barabara ile. Alipoketi mbele ya kioo, umeme ulikatika. Gizani, nyuma ya lile pazia zito, kifua cha mzee kikaanza kupiga mluzi.

"Tulia, mzee," alisema Kajetani. "Umeme ukirudi tutajua tatizo."

"Mume wangu anakata roho, wewe unasubiri umeme!" Subira alilia. "Yaa Rabi, tusaidieni!"

Emerensiana aliingia na chupa na pampu yake. Alimkalisha mzee wima, akambonyezea. "Vuta taratibu, baba. Usishindane nayo. Haina haraka." Mzee Nassoro alivuta, akavuta tena. Midomo yake iliyokuwa ya kijivu ilirudi rangi. Subira alikaa chini sakafuni, akamwomba Mungu kwa sauti, akamkumbatia Emerensiana miguu.

"Mnaona?" Kajetani alisema kwa mkusanyiko mlangoni. "Hiyo ndiyo sehemu ya pili ya mashine yangu. Isiyotumia umeme."

Jioni ile Subira alikwenda kwa Emerensiana kutoa shukrani. Akataka kumpa kitenge. Emerensiana alikikataa, akaomba msaada mwingine, na wanawake wale wawili walicheka kwa muda mrefu.

Asubuhi iliyofuata Mzee Nassoro alisimama mbele ya kituo akasema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kupiga bei: "Dokta, mwenye siri ya chupa ile nitamtajirisha. Nitazichukua zote, niuze Tunduru, Masasi, hadi Mtwara. Lakini nataka siri kamili. Chupa tupu hata mimi ninazo."

Kajetani hakula mchana. Alimkuta Emerensiana akikunja masuruali.

"Dada Emere, sisi ni ndugu wa kazi. Ile chupa ina siri gani?"

"Ipo. Lakini siuzi kwa fedha."

"Kwa kitu gani basi?"

"Ile mashine yako."

Kajetani alicheka. Kisha aliona kwamba mwenzake hacheki. Alifikiri haraka, kama alivyozoea. Mabomba ya rangi yalikuwa yameanza kuzoeleka. Wateja wawili watatu walikwisha kumuuliza mbona ya kwao yanafanana. Kumpa mwanamke huyu sanduku la kujichorea, yeye achukue Mtwara nzima! Karibu amwonee huruma.

"Na hutamwambia mtu mwingine?"

"Kuanzia leo, naapa, simwambii mtu."

Walipeana mikono. Kompyuta ikapakiwa kwenye mkokoteni, na mausi yake na waya zake. Hapo Emerensiana akamnong'oneza:

"Ioshe kwa sabuni ya unga. Usiifute. Iache ijikaushe yenyewe. Ukiifuta, dawa inagandia kwenye plastiki."

"Basi?"

"Basi."

Na ilikuwa kweli tupu. Ilimchukua Emerensiana miezi kuigundua.

Kajetani alikimbia mpaka gesti alikofikia Mzee Nassoro. Uani alimkuta Subira akianika nguo. Kwenye kamba, katikati ya kanzu na kikoi, chupa tatu za plastiki zilining'inia midomo chini, zikichuruzika povu.

"Karibu, dokta," alisema Subira. "Usiziguse tu. Hazifutwi."

Mzee Nassoro alitoka na kikombe cha chai. "Nisamehe, bwana. Mke wangu alinituma nikusifie ile chupa, naye alitumwa na Emerensiana. Siri tulishapewa tangu jana, bure. Foleni yako yote wanaijua. Wewe ulikuwa ndani."

Kajetani alikwenda moja kwa moja kudai mali yake. Aliikuta hospitali, kwenye chumba cha wagonjwa wa kifua. Ilikuwa inafanya kazi. Nesi Noela, aliyefundishwa kuchapa chuoni, alikuwa anaingiza majina, na mashine iliyachukua yote bila kuchora bomba hata moja. Emerensiana alikaa pembeni na Bibi Theodosia, ambaye mashavu yalikuwa yameanza kurudi.

"Nitawashtaki!" Kajetani alifoka. "Hiyo ni mashine yangu ya—"

"Ya nini?" aliuliza Emerensiana kwa upole. "Utawaambia polisi ni ya nini?"

Kajetani alifungua kinywa kujibu, akakohoa. Alikohoa tena, akaishika meza. Nesi Noela aliacha kuchapa.

"Kikohozi hicho kina muda gani?"

"Ni vumbi tu."

"Na jasho usiku? Umepungua, hilo koti linakuning'inia. Ulikuwa unakaa na wakohozi chumba kimoja, dirisha limezibwa, si ndiyo?" Alimpa kikopo cha makohozi. "Hujaulizwa kama unataka."

Majibu yalipotoka, Kajetani aliyasikiliza amesimama, kisha aliketi bila kuambiwa. Aliuliza kama atakufa. Alikuwa hajawahi kulijibu swali hilo, na hakujua linavyouma kuliuliza.

"Ukimeza dawa, hufi," alisema nesi. "Miezi ya mwanzo kila siku, hapa, mbele ya macho yangu. Husafiri."

Alikuwa amekwisha kukata tiketi ya basi la Njombe. Aliitoa mfukoni, akamuuliza Emerensiana kama anajua mtu wa kuinunua. Emerensiana alikuwa anamjua. Akachukua na koti jeupe, kwa bei ya chini kuliko alivyomuuzia.

Tangu hapo, kila asubuhi, Kajetani alikaa kwenye benchi la hospitali kando ya Bibi Theodosia, wakigawana muhogo wa kuchemsha aliouleta bibi. Wengine walimtambua. Mmoja alimuuliza kwa sauti kama mashine ile ya ndani inaaminika.

Kajetani alijikuna shingo. "Inategemea," alisema, "aliyekaa mbele yake anaangalia nini."

"Mapunda, Kajetani!" Nesi Noela aliita, akilisoma jina kwenye kioo cha kompyuta.

"Nipo, dada," alijibu, akainuka akaenda kumeza vidonge vyake.