Prosesa Mpya na Kitambaa Changu cha Maua

Jumatatu, 14 Julai

Noela kapiga simu asubuhi. Anakuja Jumamosi! Nimeruka mpaka mume wangu Pankrasi kamwaga chai. Nikamuuliza mwanangu atakaa siku ngapi. Kasema mbili, labda tatu. Kazi, mama.

Najua kazi yake. Anachora ramani za viwanja huko Dodoma. Mashine ya ofisini haibebeki, na hii kompyuta yetu ya sebuleni inamwangusha. Mara ya mwisho iliganda mara kumi na moja. Nilihesabu mimi. Siku ya tatu akafunga begi, nikabaki na samaki mbasa watatu niliowakausha kwa ajili yake.

Jioni Getruda wa nyumba ya pili kaja kuomba chumvi. Chumvi gani! Kaja kusema. Binti yake Skolastika yuko nyumbani likizo wiki ya tatu sasa, na kaomba aongezewe. Eti anamfukuza aende kazini, hataki. Kisha akaniuliza, huku anaangalia dari, wa kwangu anakuja lini, au ndio zile za kushuka basi na kupanda basi.

Nimempa chumvi. Ile ya mawe.

Baada ya hapo nimekaa nikafikiri. Noela alisema mwenyewe ile safari: mama, prosesa imezeeka, halafu hili boksi lina joto sana. Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta. Basi. Nitaibadilisha kabla ya Jumamosi, kimyakimya. Akifika atakuta ubongo mpya. Atakosa sababu ya kuondoka!

Nimefuta vumbi kwenye boksi. Nikalivalisha kitambaa chake cha kufuma, kile cha maua mekundu kinachoshuka mpaka chini pande zote. Kimetulia kweli. Getruda hana hata cha nusu yake.

Jumanne, 15 Julai

Nimekwenda mtaa wa Msamala kwa fundi kompyuta Muhsini. Alisoma sekondari na Noela, kwa hiyo kwanza nimemwapisha asiseme kitu. Kaapa, Wallahi mama, kwangu hakitoki. Nimempa karatasi niliyonakili maandishi yote ya ubavuni mwa boksi, mpaka yale ya jina la duka. Kasoma, kacheka, kaingia ndani, katoka na kidude kidogo kuliko biskuti. Chini kina meno mengi kama kitana.

Nikamuuliza hii ndiyo ubongo? Kasema ndiyo, na mashine yetu itaikubali. Kasema nimletee boksi, nusu saa tu anamaliza. Nimekataa. Boksi lipite kwenye bodaboda mbele ya mlango wa Getruda? Kesho jumuiya nzima inajua! Nimemwambia nitaweka mwenyewe. Kanitazama. Nikamkumbusha kwamba mimi darasa la saba, lakini cherehani naifungua mpaka skrubu ya mwisho na haijawahi kubaki hata moja.

Tumepatana nimshonee mkewe Ashura gauni la harusi ya wifi yake. Nikasema nitamwongezea na kitambaa cha kufuma cha kufunika kompyuta yake ya dukani. Kasema gauni linatosha, kitambaa hapana, ahsante sana mama. Nimeumia kidogo. Vijana wa siku hizi hawajui kupamba.

Kanipa na bomba la sindano lenye uji wa kijivu. Kasema nipake juu ya prosesa kabla ya kurudisha feni, kiasi cha punje ya mahindi. Nimeitikia. Uji wenyewe unafanana na gundi.

Jumatano, 16 Julai

Siku kubwa. Pankrasi nimemtuma shamba. Nimefunga mlango, nikasali, nikatoa bisibisi ya cherehani.

Boksi limefunguka vizuri. Ndani vumbi! Nimetoa feni, imebanduka na bati lake. Prosesa ya zamani imetoka kama jino la mtoto. Nimeifunga kwenye leso. Ile mpya ina pembetatu ndogo ya dhahabu kwenye kona, na pale inapokaa kuna pembetatu nyingine. Mtu wa kulinganisha vitambaa hawezi kukosea hapo. Nikaishusha.

Haikuingia. Jino moja limepinda! Moyo umenishuka mpaka kwenye kandambili. Nimekaa chini nikanywa togwa. Kisha nimechukua sindano namba kumi na moja, nikalinyoosha taratibu, pumzi nimezuia. Limenyooka! Prosesa imekaa yenyewe, bila kusukumwa. Nimepiga kigelegele peke yangu, nikajiziba mdomo.

Sasa ule uji wa gundi. Nimeufikiria sana. Je, ikitokea hii mpya haifai, nataka kuibandua? Gundi itanikatalia. Na kitu chenye feni kinazunguka. Kinachozunguka kinataka mafuta. Nimedondosha mafuta ya cherehani, matone mawili, nikarudisha kila kitu. Skrubu hazikubaki.

Nimewasha. Kioo cheusi na Kiingereza kingi. Nusura nizimie. Nimepiga picha nikamtumia Muhsini, kasema hapo inauliza tu kama ni kweli prosesa mpya, nibonyeze F1. Nimebonyeza. Imewaka! Tena haraka! Nimelivalisha boksi kitambaa chake, nikakaa mbele yake kama bwana harusi.

Dakika sita. Ikazima. Pu.

Alhamisi, 17 Julai

Imezima mara tisa. Ukiigusa kwa juu, moto kama sufuria.

Nimerudi kwa Muhsini. Nilitaka kusema ukweli, lakini kulikuwa na wateja. Nikasema kuna jirani yangu amebadilisha prosesa yake, maskini, inazima. Kaniuliza huyo jirani kapaka pesti, ule uji wa kijivu? Nikasema jirani kapaka mafuta ya cherehani. Duka zima limecheka. Mzee mmoja kacheka mpaka kavua miwani. Nami nimecheka sana, kwamba kweli yule jirani hana akili.

Muhsini kasema jirani afute mafuta yote, apake ule uji, ndio unaopeleka joto kwenye bati. Halafu ahakikishe boksi linapata hewa. Nikasema nitamfikishia.

Nimefuta, nimepaka. Punje ya mahindi nimeona ni uchoyo. Nimepaka bomba zima, kama siagi kwenye mkate wa mgeni. Hewa nayo nimeiingiza: nimefungua mlango wa sebule. Nimewasha, nimefunika.

Dakika kumi na nne! Maendeleo. Ikazima.

Ijumaa, 18 Julai

Leo nimegundua siri.

Nilitoa boksi na kioo barazani ili nideki sebule vizuri. Kitambaa nikakifua, nikakianika. Nikasema hebu niwashe hukuhuku. Upepo wa Julai unakata masikio, nilikuwa na sweta mbili. Kompyuta imewaka saa nzima! Saa moja na robo! Haikuzima mpaka nilipoizima mwenyewe.

Kumbe inapenda baridi!

Nimeirudisha ndani haraka. Kitambaa kilikuwa kimekauka, kinanukia sabuni, nikakivalisha. Nimefungua madirisha yote mawili na mlango wa nyuma. Jiko la mkaa nimelihamishia uani. Pankrasi karudi, kakuta sebule ni kama Njombe. Kauliza nani kafa. Nikamwambia ni kwa ajili ya Noela. Akavaa koti, akavaa na kofia, akala ugali wake. Nampenda huyu mwanaume.

Getruda kapita, kachungulia dirishani, kauliza kama tumefukuza nyoka. Nikamwambia ni mambo ya teknolojia.

Inazima baada ya dakika ishirini. Baridi bado haitoshi.

Jumamosi, 19 Julai

Kafika! Kakonda. Anasema hajakonda. Kakonda. Kaingia ndani, kamwamkia baba yake shikamoo, kisha kauliza kwa nini baba amevaa kofia mezani na madirisha yako wazi.

Nimemwambia nina jambo. Nimemkalisha, nikawasha kompyuta. Imefunguka kama kope! Noela kafungua ramani yake, ramani imetokea hapohapo. Kanigeukia macho makubwa. Kasema mama, umefanya nini? Nikasema mama yako ana siri zake. Kasema kwa spidi hii angeweza kukaa siku kumi, kazi aifanyie hapahapa.

Siku kumi! Nimekwenda jikoni nikalia kidogo kwenye vitunguu.

Nikasikia pu.

Imezima mara tano mpaka wakati wa kula. Mwanangu kashika kichwa. Bosi anataka ramani Jumatatu. Kasema kwa sauti ya chini, mama samahani, itabidi nipande basi kesho mchana. Begi hata hajalifungua. Getruda amesimama kwenye fensi anauliza kama mgeni kafika salama.

Jumapili, 20 Julai

Nimetoka misa ya kwanza na dhambi yangu bado mdomoni. Noela anakunja kanga zake. Nikashindwa. Nimesema yote. Muhsini, jino lililopinda, mafuta, jirani, kila kitu. Nikamwambia nilitaka tu asikimbie.

Kauliza, mafuta ya cherehani? Nikasema matone mawili. Basi kaanza kucheka. Kacheka mpaka kakaa sakafuni, na mimi nikakaa, na Pankrasi kaja na kofia yake kuuliza kuna nini, naye akacheka bila kujua.

Tumefungua boksi pamoja, tumelaza mkeka. Uji wa kijivu umemwagika kila mahali! Kaufuta kwa pamba, mimi nimemshikia kibatari cha simu. Nimemwonyesha lile jino nililolinyoosha kwa sindano. Kaliangalia muda mrefu. Kasema mama, kuna mafundi wanaoshindwa hii. Kasema hivyo! Nimeandika hapa nisisahau.

Tumeongea huku anafuta. Kaniambia kuna kijana huko Dodoma, Fulgence. Kaniambia chumba chake kinavuja. Kaniambia kuna siku anarudi kazini anakula mkate mkavu, hana hamu ya kupika. Vitu hivi kwenye simu hasemi. Tumekula mbasa palepale mkekani, skrubu ziko kwenye sahani ya ubwabwa.

Noela kampigia simu Muhsini, naye kaja na uji mwingine, kachukua na gauni la Ashura. Kaniangalia, kauliza, kwa hiyo bimkubwa, jirani mwenyewe ndiye huyu? Nimemtishia na mwiko.

Wamepaka punje moja, wamefunga, wamewasha. Safi. Mimi nikachukua kitambaa changu nikalivalisha boksi, na kukinyoosha pindo.

Wote wawili wamepiga kelele pamoja.

Kumbe ni kitambaa! Noela kakinyanyua kwa vidole viwili kama panya. Kasema boksi linapumua kwa pembeni na nyuma, na mimi nimelivisha blanketi miaka minne. Hata ile prosesa ya zamani pengine haikuwa na kosa. Kaniapisha: usikiweke tena, mama. Nimeapa.

Imewaka mpaka jioni. Tiketi kaahirisha. Siku kumi!

Jumatano, 30 Julai

Noela kaondoka leo alfajiri. Siku kumi na moja, na Getruda amezihesabu, najua. Skolastika wake aliondoka tarehe ishirini na tatu. Nimempelekea Getruda chumvi kilo nzima, kwa upendo.

Kompyuta haikuzima hata mara moja. Mashine hodari. Mwanangu alikaa mbele yake toka chai mpaka chakula cha jioni, vitu vya kusikilizia masikioni. Nikimwita, mkono unainuka: subiri mama. Nimefurahi kumwona mgongo siku zote hizo. Mgongo mzuri. Lakini siku niliyompata kweli ni ile Jumapili ya mkekani.

Kasema Krismasi atakaa wiki mbili. Kazi zote atafanyia hapa, kwa kuwa sasa mashine imepona. Kanikumbusha kuhusu kitambaa. Nikasema mama yako kaelewa, amejifunza.

Mchana nimepita sokoni nimenunua uzi. Mzito, wa bluu. Nimeanza kufuma kingine, kirefu kuliko cha kwanza, kinachofika mpaka sakafuni. Hakitakaa kwenye boksi sasa hivi, niliapa. Nitakivalisha tarehe ishirini na moja Desemba, siku moja tu kabla hajafika.

Kwa ajili ya vumbi.

Mkeka nimeufua. Skrubu najua zilipo.