Tata Bati na Mota ya Shemeji

Kolwezi, Jumatatu, 2 Agosti 1976

Watoto wangu wameasi. Shule zimefungwa, na tangu asubuhi Nuru (miaka kumi) na Abibu (saba) wako kwa jirani, Tata Muamba, fundi wa umeme. Amewaundia watoto wake gari la waya lenye taa. Taa inawaka! Jioni, bukari, ugali wetu, ikiwa mezani, Abibu akasema, "Tata Muamba anajua bitu yote."

Mke wangu Mwamini akacheka mpaka akapaliwa na majani ya sombe.

Mimi nauza vitenge. Lakini akili haikuzaliwa kwa Muamba peke yake! Nikatangaza: kabla ya Jumamosi nitaunda roboti, mtu wa bati atakayetembea mwenyewe. Mwamini akauliza kama fundi ni huyuhuyu aliyetengeneza kile kiti kilichovunjika. Kosa lilikuwa la mbao.

Jumanne, 3 Agosti

Mwili tayari. Kifua: kopo la maziwa. Macho: vizibo vya bia, vimeokotwa njiani, Mungu shahidi. Miguu: brashi ya viatu, wazo la Nuru.

Kimekosekana kitu kimoja. Mota. Nimwombe Muamba? Bora nife.

Halafu nikakumbuka gramafoni ya shemeji Nasoro, kaka yake Mwamini, dereva wa lori. Inapiga kwa betri, mawe ya tochi. Kaiacha kwetu tumtunzie. Yuko Lubudi hadi mwisho wa mwezi. Gramafoni isiyopigwa huota kutu. Kuitoa mota ni namna ya kuitunza.

Mwamini kaenda Mutoshi kwa shangazi yake. Tumefungua. Watoto wameapa kunyamaza. Abibu ameapa mara tatu, jambo lililonitia wasiwasi.

Jumatano, 4 Agosti

Mota kichwani, nyaya mbili, mawe mawili. Inanguruma! Ila Tata Bati (yaani Baba Bati, jina alilompa Abibu) kasimama palepale kama askari wa gwaride. Nimemsukuma. Kaanguka kifudifudi.

Nuru akasema tubandike nta ya mshumaa upande mmoja wa kile kijiti cha mota kinachozunguka. Uzito ukiwa upande, kitayumba, na Tata Bati atatikisika. Nikamwambia mota inataka usawa, hata mbuzi anajua. Nikaenda kuoga.

Kelele! Nikatoka na taulo. Tata Bati anatembea! Anatetemeka kama mgonjwa wa malaria, lakini anavuka baraza zima!

"Baba, iko natembea yenyewe!" Abibu alipiga kelele.

Nikawaeleza kwamba ndivyo nilivyokusudia tangu mwanzo. Nuru alikuwa anakwangua nta kwenye kucha.

Alhamisi, 5 Agosti

Nimevaa abakosti, suti yangu mpya, na kumweka Tata Bati mbele ya lango la Muamba. Kwa bahati tu. Akazunguka duara mbili, akaingia uani, akamfukuza jogoo mpaka juu ya choo. Ushindi!

Muamba akachuchumaa, akamchunguza. "Tata Feruzi, hii kazi ni muzuri sana. Nani alifikiri mambo ya nta?"

Nikasema: mimi.

Neno fupi. Nuru, aliyekuwa nyuma yangu, akageuka akarudi nyumbani. Chakula hakukigusa. Mimi nimekula vizuri. Vizuri kiasi.

Ijumaa, 6 Agosti

Balaa. Nasoro kafika! Baba yake Hawa, binti anayetaka kumwoa, hatimaye amekubali kumsikiliza, na posa ni kesho. Kaja kuchukua gramafoni.

Akaweka santuri. Haikusogea. Nikasema ni baridi ya Agosti. Nikaizungusha kwa kidole kuonyesha kwamba hata hivyo inawezekana. Mwimbaji akalia kama ng'ombe anayezaa.

Hapo akaingia Abibu, yule wa viapo vitatu, na Tata Bati kwapani. "Mujomba, angalia! Iko na moyo ya gramafoni yako!"

Mwamini akavua kiatu. Lakini Nasoro hakugomba. Alikaa chini sakafuni, dereva mzima yule. Baba yake Hawa amemkataa mara mbili, akisema mtu wa barabarani hana neno. Sasa Nasoro amewaahidi muziki.

"Kesho nitafika na nini?" akaniuliza. "Na mudomo?"

Nilijisikia mdogo kuliko Abibu. Nikaenda kubisha kwa Muamba. Bila abakosti.

Jumamosi, 7 Agosti

Muamba amekuja na vifaa vyake. Akasema nta itolewe yote, kijiti kisipindwe. Afadhali aitoe aliyeibandika. Akaninyooshea kisu.

Nikatazama kisu. Nikamtazama Nuru. Nikasema ni yeye aliyefikiri, na juzi nilidanganya.

Ilinichoma kama pilipili. Muamba hakucheka. Alimpa Nuru kisu, halafu bisibisi, na wakafanya kazi wawili saa nzima. Mimi nimeshika kikombe cha skrubu. Mwishoni ilibaki moja. Hakuna aliyeuliza.

Gramafoni inapiga! Kwa haraka kidogo. Kwa kina Hawa akina mama wazee walicheza kama wamevamiwa na nyuki. Baba yake Hawa akafuta jasho, akasema tangu ujana wake hajacheza hivi, na Nasoro ni mtu wa neno lake. Wamekubali!

Muamba kapewa firigisi ya kuku. Mimi shingo. Nuru alikuja akakaa karibu yangu, akanimegea nusu ya paja lake.

Jumapili, 8 Agosti

Nimetubu mbele ya Mwamini. Sitagusa gramafoni ya mtu tena, maisha yangu yote. Mimi nimebadilika.

Lakini Tata Bati amelala rafuni bila mota, na watoto wanampita kama wanapita msibani. Nasoro bado anakoroma. Lori lake liko mbele ya nyumba. Nimelizunguka mara moja, kunyoosha miguu tu.

Zile fimbo mbili za kufuta kioo mvua ikinyesha. Zinasukumwa na nini? Mota! Kubwa kama kiazi! Tata Bati angekuwa mrefu kama mimi!

Nuru kasema hapana, akaondoka na bisibisi. Mtoto haelewi. Tangu Mei halijaanguka tone. Nasoro atafuta nini?

Kisu cha mkate kitatosha.