Sabuni ya Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 4
Nimepata wazo! Mama mkwe katoka hospitali, mguu bado haujapona. Jumamosi ataamua akae kwetu au kwa mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu. Mke wangu anamtaka mama yake hapa. Hasemi, lakini tangu jana anakunja na kukunjua mashuka yale yale. Mwanyumba ana bafu la vigae. Mimi nina akili. Nitampa mama sabuni nilizotengeneza kwa mkono, zenye umbo la waridi. Nimenunua tofali la sabuni ya kuyeyusha. Muuzaji kasema niikate vipande vidogo, niiweke kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, moto mdogo, isichemke. Kitu kiyeyuke bila kuchemka? Huyo anauza tu, hajui.

Jumanne, tarehe 5
Nimelitia tofali zima sufuriani, moto wote. Chini likachemka, juu bado jiwe. Ajabu! Kitu kimoja, tabia mbili. Ukafuka moshi, ikanuka nywele zilizoungua, ikawa rangi ya chai. Nikaimimina kwenye vikopo vyenye umbo la waridi hivyo hivyo. Ilipoganda nikaangusha moja. Ikadunda! Mke karudi kutoka kazini, kauliza nani kaunguza nywele. Nikasema jirani.

Jumatano, tarehe 6
Mwanyumba kapita. Ati kamnunulia mama kiti cha kuogea. Akanusa, akauliza kama siku hizi tunafuga mbuzi. Nikacheka kwa meno tu. Alipoondoka nikaleta tofali jipya. Leo nimetii: bakuli juu ya maji. Ila moto nimeuongeza, maji yajue kazi yake. Maji yakaruka, yakaingia kwenye bakuli, povu mpaka sakafuni. Sabuni inajiosha yenyewe? Jiko likazimika. Mke kasifu sakafu inavyong'aa. Sielewi, lakini sifa nimepokea.

Ijumaa, tarehe 8
Nimemrudia muuzaji, nikamuuliza mbona sabuni yake ina hasira. Kauliza natumia moto gani. Nikamwambia wa kawaida. Kauliza wa kawaida ndiyo upi. Nikamwambia wote. Akanitazama kama anayemtazama mtu anayeuliza njia ya kwenda kwake mwenyewe. Nikanunua matofali mengine, kwa hasira.

Jumamosi, tarehe 9
Mama mkwe kaja mapema, na mkongojo wake, mwanyumba nyuma kabeba mfuko. Mimi jikoni, moshi umefika mlangoni. Mke wangu anafungua madirisha, hanitazami.
"Mwanangu, unapika nini?" mama akauliza.
"Sabuni yako, mama."
"Zima jiko."
Kabla sijageuka kazima mwenyewe. Akaketi kwenye kigoda, mguu kaunyoosha, akaniamuru. Nikakata tofali jipya vipande vidogo. Maji yakawa ya moto bila kutokota, bakuli juu yake, kifuniko juu ya bakuli. Nikakoroga taratibu kama ninayebembeleza mtoto. Vikabaki vipande vichache, akasema epua, vitayeyukia humo humo. Kweli vikayeyuka! Nyeupe, laini, haina harufu. Nani kaviambia viyeyuke?
Mwanyumba akasema gari linasubiri.
"Nenda tu, baba," mama akamwambia. "Kwako hakuna kinachopungua. Hapa nikiondoka, hawa wataungua."
Mke wangu akageukia ukuta, mabega yanatetemeka. Sijui alikuwa analia au anacheka. Baadaye akaja kunishika mkono, na bado sikujua.

Jumapili, tarehe 10
Ushindi! Sabuni imelishinda bafu la vigae. Mama kalala chumba cha pili, mashuka hatimaye yametandikwa. Mke wangu anasema kilichomweka mama si waridi, ni moshi. Sijamwelewa. Moshi ulikuwa mwingi kwa sababu moto ulikuwa mzuri. Basi, kwa shukrani, namtengenezea mama sabuni nyingine kubwa kabla hajaamka. Moto mdogo ni wa wagonjwa. Nimefungua wote.