Lalamiko Kuhusu Ukubwa wa Chungu cha Bangi Kilichomo Chumbani kwa Mama Mkwe

Mdantsane,
Jumamosi, baada ya chai.

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa Bustani ya Ndani,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wapiga chapa wako, na kwamba nyumbani kwako kila kitu kimekaa mahali pake. Kwangu sivyo. Kwangu mti umekaa mahali pa mama mkwe, mama mkwe amekaa kwa kaka yake, na mimi nimekaa jikoni nikikuandikia, kwa sababu jikoni ndiko nilikobakiziwa.

Naitwa Zolile Mapuma, mkalimani wa mahakama mstaafu. Nimetafsiri uongo wa wezi na uongo wa mawakili bila kuongeza neno langu hata moja, kwa hiyo niamini ninaposema kwamba yaliyomo humu ndivyo yalivyotokea. Nilipostaafu, mke wangu MaGatyeni alinivumilia kwa muda, kisha akasema, "Baba Sakhe, tafuta kitu cha kufanya na hiyo mikono. Tangu asubuhi unanisahihisha ninavyoongea."

Wakati huohuo mama yake, MaRhadebe, alianguka akavunjika nyonga, akalazwa. Kwao Lusikisiki, maumivu ya viungo huchuliwa kwa mafuta yaliyochemshwa na maua ya bangi. Nami nikijua kwamba sheria ya nchi yetu siku hizi inamruhusu mtu mzima kuotesha ya kwake nyumbani kwake, nilisimama kando ya kitanda cha hospitali, mbele ya shemeji zangu wote, nikatangaza kwa sauti yangu ya mahakamani kwamba siku mama atakapohamia kwetu atakuta mafuta ya mti niliouotesha kwa mkono wangu. Hakuna aliyeniomba. Naomba hilo liingie kwenye kumbukumbu.

Madai yangu dhidi ya gazeti lako ni haya:

1. Mwandishi wako, Bi. Marelize Koekemoer, aliandika: "Chagua chungu kinacholingana na mti wako." Akaishia hapo, akahamia kwenye mbolea. Mheshimiwa, mti upi? Mti nilionao, au mti ninaoutarajia? Nilichokuwa nacho ni mbegu ndogo kama punje ya pilipili manga, niliyopewa na jirani yangu Ludumo. Ila nilichokitarajia kilikuwa mti wa kunyamazisha ukoo mzima wa mke wangu. Kwa taaluma yangu nikaifasiri sentensi kwa maana yake pana. Nikachukua pipa la MaGatyeni la pombe ya sherehe, lile la plastiki ambalo watu wawili hulibeba kwa kupokezana pumzi, nikalitoboa matundu chini, nikalijaza udongo, na katikati yake nikaipanda ile punje.

Ilichipua. Nilifurahi kama mtu aliyepata mjukuu. Nikamwagilia pipa zima, maana nilidhani haki ni kwa udongo wote. Mche ule ulikuwa na kizizi kama uzi. Ungeyanywa wapi maji yote yale? Udongo ulibaki chepechepe kama kinamasi, mizizi ikaoza, mche ukalala ubavu. Vijidudu vikaruka kutoka kwenye pipa na kuingia kwenye sufuria ya mchuzi.

"Baba Sakhe," MaGatyeni akaniuliza, "hiki kinachoogelea ni nini?"

"Ni kitunguu," nilimjibu.

"Kitunguu kina mabawa?"

2. Nikajirekebisha, kama mtu mwenye akili. Ikiwa chungu kikubwa kimeua, basi kidogo kitaokoa. Nikapanda mbegu ya pili kwenye kikombe changu cha chai, kile nilichopewa na mahakama siku ya kuniaga. Mche ukaenda vizuri mwanzoni, nikamwalika Ludumo aje aone. Nikachelewa kuuhamisha, kwa sababu nilipenda unavyopendeza ndani ya jina langu. Ghafla ukadumaa. Majani yakageuka manjano kutoka chini. Asubuhi unakunywa, adhuhuri umenyauka, jioni unaomba tena. Nilipoutoa, Mheshimiwa, sikuona udongo. Niliona mizizi tupu, imejizungusha na kujisokota humo ndani kama kamba kwenye mfuko wa mvuvi mlevi.

Ludumo, ambaye miti yake husitawi kwenye makopo ya rangi, alisimama mlangoni akajishika kiuno, akaniita kwa jina la ukoo wangu. "Tolo, kwanza ulimzamisha mtoto, sasa umemvisha kiatu cha mdogo wake. Huyu wa tatu utamfanyaje, utamning'iniza?"

Nilimpiga marufuku kukanyaga tena chumba nilimolea miche, kile kilichotengwa kwa mama mkwe. Najua nilikosea, lakini nilikosea kwa heshima.

3. Hili ndilo zito. MaRhadebe aliporuhusiwa kutoka hospitali, alifikia kwa kaka yake, Mjomba Bhekile, akisubiri chumba chetu. Ukoo ukaamua kufanya sherehe ya shukrani, nayo ikapangwa ifanyike kwangu. MaGatyeni akaulizia pipa lake. Nikalimwaga udongo, nikalisugua mpaka likang'aa, na yale matundu nikayaziba kwa nta ya mshumaa. Nikalijaribu kwa maji. Halikuvuja. Nikajiona mhandisi.

Asubuhi ya sherehe pombe ikaletwa kutoka kwa shangazi wa mke wangu ikamiminwa humo, ikatokota povu zuri. Wazee wamekaa, kofia zimevuliwa, Mjomba Bhekile ameanza kuwataja marehemu kwa majina ya ukoo. Shangazi akachukua mwiko mrefu akakoroga, na kwa kuwa ni mama mwenye nguvu, akakoroga mpaka chini kabisa.

Nta ikang'oka.

Pombe haikuvuja, Mheshimiwa. Ilitembea. Ilipita chini ya viti, ikaloanisha soksi za wazee, ikafika kwenye magongo ya mama mkwe na kusimama hapo kama iliyotumwa. Mjomba Bhekile alilitazama pipa, kisha akanitazama mimi.

"Mkwe," akasema, "hata pombe inakukimbia."

Watu walicheka mpaka mbuzi wakaanza kulia. MaGatyeni hakucheka. Aliinama akachungulia chini ya pipa lake, akahesabu matundu kwa kidole, akaingia ndani. Tangu hapo husema nami kupitia redio: akitaka kunijibu, huongeza sauti.

4. Mche wa tatu nimeulea kwa hatua, nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo: kikombe, halafu kopo la maziwa, halafu ndoo yenye matundu mengi, kila mara nikiuhamisha mizizi inapoanza tu kugusa kingo. Nikimwagilia, nasubiri juu pakauke kwanza. Matokeo yake ndiyo shida yenyewe. Mti ukipata chungu kikubwa zaidi, unakuwa mkubwa zaidi. Ukiwa mkubwa zaidi, unadai chungu kikubwa zaidi. Gazeti lako halikusema mahali pa kusimama. Sasa umefika kwenye dari ya chumba alichoandaliwa mama mkwe, umeinama, na unarudi chini. Taa yake inawaka kutwa, feni yake inapuliza, na kitanda nimekiegemeza ukutani kwa kukisimamisha wima.

Jana MaGatyeni alizima redio, nikajua mambo yamefika pabaya. Akasema, "Kesho mama anakuja. Kaka zangu watakuja na Ludumo kuutoa huo mti. Ukitaka, nawe utatoka nao."

"Mama hawezi kukaa kwa mjomba mpaka mti utoe maua?" nikauliza.

"Mama amevunjika nyonga, Baba Sakhe. Mti wako umevunjika nini?"

Ukweli ni kwamba mama mkwe wangu hajalala vizuri tangu aanguke. Nikimtembelea huniuliza kwa upole, "Mkwe wangu, yale mafuta?" nami huanza kumweleza habari za mizizi. Hiyo ndiyo aibu niliyonayo, Mheshimiwa. Soksi za wazee zilishakauka.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu: kwanza, mchapishe ukubwa halisi wa kila chungu, kwa lita, tangu mbegu hadi mavuno. Pili, Bi. Marelize aje mwenyewe Mdantsane awaeleze shemeji zangu, kwa mdomo wake, kwamba kosa ni la sentensi yake. Mimi nitamtafsiria bila kuongeza neno. Tatu, gazeti lishawishi Bunge litunge sheria ya vyungu, maana tumepewa uhuru bila kuambiwa uhuru huo unaingia kwenye ndoo ya aina gani. Na nne, ikiwa hayo yote hayawezekani, nipatieni nyumba yenye dari ya juu.

Wasalimie wahariri wenzako, wapiga picha, mlinzi wa getini, na watoto wako kama unao. Bi. Marelize msalimie pia, ila usimchangamkie sana.

Ni mimi, msomaji wako niliyekufuata neno kwa neno na kufika hapa nilipo,

Zolile Mapuma

Nyongeza: Nilikuwa sijafunga bahasha walipofika. MaRhadebe alikuja nao, akasimama mlangoni pa chumba kwa magongo yake. Ludumo alishika tawi ili wapate pa kuinulia, kisha akaliachia. Akasogea karibu, akafunua jani, akachungulia kwenye vifundo, akapiga mluzi.

"Tolo. Hivi vifuko vidogo umeviona?"

"Nimeviona. Ni maua yanayoanza."

"Hili ni dume, ndugu yangu. Dume halitoi maua ya mafuta. Litamwaga vumbi tu na kufa. Ungelipanda kwenye kikombe au kwenye bwawa la Serikali, ni yaleyale."

Shemeji zangu walinitazama. MaGatyeni alinitazama. Kisha nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu aanguke: MaRhadebe alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, nyonga imemshika, machozi yanamtoka, na mke wangu akaanza kucheka naye, akija kunishika bega asianguke.

"Liacheni humuhumu," mama mkwe akasema alipopata pumzi. "Mimi nitalala hapo pembeni. Binti yangu anaishi na dume lisilotoa kitu tangu lilipostaafu, na bado analipikia."

Tafadhali, Mheshimiwa, chana barua hii. Lakini kama Bi. Marelize amewahi kuandika namna ya kutambua dume mapema, naomba nakala mbili. Moja ni ya mke wangu.